Vibandiko vya Mota ya Zahanati

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, shemeji na wale mapacha, ambao nadhani sasa wanakupanda kichwani kisawasawa. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mbovu. Baba tunaye, ila tangu kile kiharusi hatoki kitandani, na siku nyingine anamwita mama "dada".

Juzi ililetwa karakanani mota yenye nyaya sita, hazina alama hata moja. Nikachukua mita, nikapata jozi tatu bila shida: nyaya mbili zikiitikiana, ni za koili moja. Kazi ipo kwenye kujua upi mwanzo na upi mwisho. Nikafanya kama Baba alivyotufundisha: betri nikaigusisha kwenye koili moja, mita kwenye nyingine, nikatazama mshale unarukia upande gani. Ukigeuza koili moja tu, mota inanguruma, inachemka, inaungua. Mshale uliporuka, nikashindwa kuendelea. Nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima na kipara changu.

Unakumbuka utaratibu wa Baba: mmoja anapima na kubandika vibandiko vya alama kwenye nyaya, mwingine anaunga kwa kuvifuata bila kupima tena, eti tujifunze kuaminiana. Mota ya pampu ya zahanati niliipima mimi, ukaiunga wewe. Ilipoungua, wagonjwa wakakaa siku nne bila maji, na Baba akakufukuza mbele ya wateja. Ulimwambia ulifuata vibandiko. Akasema usimsingizie mdogo wako. Nami nilikuwa pale pale, nimeshika spana, nimeufyata.

Kaka, jozi nilizipima. Mwanzo na mwisho sikupima. Betri ilikuwa stoo, nikaona uvivu kuifuata, nikabahatisha. Nilijua siku ileile kwamba kosa ni langu. Miaka kumi na moja nimelinyamazia, na wewe unauza viatu wakati kazi hii ulinizidi mbali. Najichukia, sina neno jingine.

Jana nilijipiga moyo konde, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Baba kwamba mimi ndiye niliyeiunguza ile mota. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika kichwa, akaniita kwa jina lako. Akasema miaka yote hii alikuwa akisubiri nikiri, na sasa amenisamehe, ila nikamwombe radhi mdogo wangu niliyemsingizia. Nilimwambia kwamba huyo mdogo ndiye mimi. Alikuwa ameshalala.

Leo asubuhi nimerudia maneno yaleyale mara tatu. Ananitazama tu, hanijui tena, si kwa jina langu wala kwa lako. Kwa hiyo Baba amekusamehe, Kaka, kosa ambalo hukulifanya, na sina namna ya kumrudisha kwenye ukweli.

Mama anakusalimu sana. Nikiifunga barua hii ninakwenda kumwambia na yeye. Wabusu mapacha, na shemeji mpe heshima zangu, kama bado atazipokea.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuponza.