Jibini Lililogoma Kupakika

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na lile goti lake limeacha kumsumbua. Mimi nipo tu. Nakula, nalala, naenda kazini. Tangu jana hata njaa naisikia kama ya mtu mwingine.

Barua hii nampa dereva wa lori la kiwanda chetu, anapita kwenu leo. Kwa simu nisingeweza. Kazi yangu iko mashakani, dada. Jana niliharibu tangi zima la jibini la kupaka, na kesho msimamizi anataka nimweleze ilikuwaje. Asiporidhika, nafukuzwa.

Usidhani ni jambo dogo. Jibini likipikwa hivihivi, mafuta huelea juu na chini hubaki donge la kutafuna kama mpira. Kinachowapatanisha hao wawili ni chumvi ya kuyeyushia, ambayo kazi yake si ladha hata kidogo. Tunazo za aina mbili. Moja hutoa jibini laini la kupaka kwenye mkate, nyingine hulikaza, likipoa linakatwa vipande. Zote nyeupe, na magunia yake yanafanana kama mapacha. Sisi wapishi hatuhangaiki na maandishi, tunapekecha kwa vidole: ya kupaka ni laini kama unga, ya kukata ina chengachenga. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Basi jana nikapekecha kama kawaida, nisisikie kitu. Nikamimina.

Mashine ilipoanza kulemewa nikajua. Ningeweza kuizima. Nilisimama tu, nimekodoa macho, mpaka mpakiaji tunayemwita Redio akaja mbio akaizima mwenyewe. Kisu kilisimama wima kwenye lile jibini. Redio akauliza, jamani, leo tunauza matofali? Watu wakacheka, nami nikacheka kwa kuwa wao wanacheka. Msimamizi hakucheka. Alisema mgeni angemsamehe, lakini mimi nimekula chumvi nyingi humu ndani, nina kisingizio gani? Nikamjibu sijui.

Najua, dada. Jana asubuhi, kabla ya kazi, nilipitia kliniki. Daktari alikizungusha kile kifaa cha kupimia juu ya tumbo langu, akarudia, akarudia tena, kisha akaniambia moyo wa mtoto umesimama. Nikamshukuru. Haki ya Mungu nilimwambia asante, nikavaa viatu, nikaenda kazini nikafunga aproni. Jioni mume wangu akanionyesha rangi aliyopaka kile chumba kidogo. Nikasema imependeza. Hajui.

Msimamizi nitamwambia nilichanganya magunia, basi. Nikimweleza sababu ataniambia pole, na hiyo pole yake siiwezi. Akinifukuza, anifukuze.

Ila kwa mume wangu sijui nianzie wapi. Kila nikifungua mdomo, namuuliza kama ameshakula. Njoo umwambie wewe, dada. Keshokutwa narudi hospitali wakamtoe, na mpaka sasa ninavyoandika bado nimembeba. Sijalia hata chozi moja. Naogopa kwamba sitalia kabisa.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Mwambie dereva asikuache akirudi huku.

Ni mimi,
mdogo wako