Sindano ya Pili ya Mama

Mafubira, Jinja
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Nulu,

Asalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na goti lako limepoa. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila tumechoka. Nimeandika kwa sababu kila nikikupigia simu Mama ananyoosha mkono, anaichukua na kukwambia yeye ni mzima. Si kweli.

Tangu Machi yuko hapa kwangu, maana kule kwake Nakaloke alikuwa anatapika peke yake. Chakula cha mchana kilirudi kesho yake jioni, kama kilivyoliwa. Amekonda hadi magauni yake nimeyapunguza mara mbili. Daktari alisema kisukari cha miaka yote hii kimeharibu neva, na tumbo halisukumi tena chakula kwenda chini.

Vidonge havikusaidia. Mwezi wa Juni wakampitishia mpira wenye kamera kooni, wakamdunga sindano pale chakula kinapotoka tumboni kwenda kwenye utumbo, ili misuli ilegee kipite. Daktari alikuwa mkweli: "Wengine inawasaidia, wengine hapana. Na ikisaidia, haidumu." Nilipomwambia Mama kuwa ni dawa ile ile watu wanayodungwa kuondoa makunyanzi, akasema, "Sasa mbona uso hawakunigusa?"

Mama mdogo, ilisaidia. Wiki saba alikula. Siku moja alimaliza matoke na mchuzi wa karanga, akafuta sahani kwa kidole. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, hata mume wangu Umar akadhani kuna msiba.

Mwezi uliopita kutapika kukarudi. Nafua mashuka kila siku, na kazini nimeomba ruhusa hadi naona haya. Juzi nilimkaripia Mama kwa kumwaga uji. Akaniomba msamaha, yeye, mama yangu. Bado inaniuma.

Sindano ya pili ni tarehe 2 Oktoba. Mwanzoni aliikataa. "Niacheni nipumzike," alisema, nami sikubisha, sikuwa na nguvu ya kubisha. Jana asubuhi nilikuwa namsuka, akasema mwenyewe: "Nitakubali. Lakini ikifanya kazi, wiki hizo nataka nile na Nulu."

Basi siombi dawa, siombi kitu chochote. Njoo. Mabasi ya Nairobi kwenda Kampala yanapita hapa Jinja, nitakuja kukupokea stendi. Kama sindano itafanya kazi tena, hata daktari hajui. Njoo hivyo hivyo.

Umar anakusalimu, na wanangu Magidu na Namwase, ambao hawajakuona bado. Msalimie sana Baba mdogo Nasif, umwambie atuvumilie akikukosa siku chache.

Mungu akufikishe salama mlangoni kwangu.

Mwanao akupendaye,
Rehemah