Maua ya Mama Mudogo Asha

Yaya Zaina,

Hapa Kindu mvua inanyesha kama muntu amesahau kufunga robine. Nimeketi mezani kwa Mama mudogo, nimeshiba, lakini si kwa lengalenga za shamba lake, zile zilizotulea sisi wote wakati wa vita. Agronomu alipima udongo, akakuta umejaa risasi ya betri. Unakumbuka ile gereji ya jirani, walipokuwa wakipasua betri na kuyeyusha risasi ya kuwekea wavuvi uzito kwenye nyavu? Basi lengalenga zinaifyonza, na bado zinanawiri!

Mama mudogo alimwambia agronomu, "Nitaziosha mara mbili."

"Mama, sumu haiko juu ya jani. Iko ndani."

Alinuna, kisha akang'oa mboga yote, akapanda maua. Sasa shamba zima ni jekundu, na wamama wakienda soko wanasimama kumuuliza, "Mama Asha, hii inapikwa na mawese ao na karanga?"

"Inaangaliwa!" anawafokea.

Leo nilimuuliza kwa nini asiache tu shamba liote majani. Akanitazama kama mutoto mujinga. "Lilitulisha wakati hatukuwa na kitu. Leo liko mugonjwa, njo nilikimbie?"

Usihangaike, mboga tunakula za kutoka Kailo. Nikumbatilie watoto wote, hata yule anayeuma. Nimekubandikia ua moja hapa pembeni ya kadi. Mama mudogo anakusalimia sana, na anasema usilipike.

Mudogo wako,
Saidi