Wikiendi Bila Mama

Alhamisi, 7 Agosti

Wamenishinda. Mziwanda na mkewe wameingia na mabegi yao, tiketi yangu mkononi. Mziwanda ni mdogo wangu, ingawa mvi zake zimenitangulia. Anasema nimekwisha, nimebaki macho tu. Wifi naye eti juzi nilisinzia katikati ya simu, mteja anaulizia gauni lake. Kweli. Lakini Mama je! Nani anajua kwamba dawa ya asubuhi lazima isagwe? Kwamba akiulizia viatu vyake ujue anataka kutoroka? Nimewaeleza mpaka Wifi akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Dada, nenda. Bahari haitakufuata hapa."

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika. Chumba cha ghorofani, kitanda, meza, dirisha. Bahari inaonekana kidogo tu kati ya nyumba mbili — kama kipande kinachobaki ukishakata gauni. Nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Kimya! Hakuna anayeniita.

Ugonjwa wa Mama wa kusahau umeingia mwaka wa sita. Tangu hapo sijawahi kula nikamaliza nikiwa nimekaa. Leo hotelini nikajikuta nimeikata nyama yote vipande vidogo vidogo, kama ya asiye na meno. Mhudumu akauliza kama nina mtoto anakuja. Nikasema ndiyo, yuko njiani. Uongo wa nini? Nikala zote, taratibu, kwa aibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamka jua liko juu. Nikaruka! Nimechungulia mpaka uvunguni nikimtafuta Mama. Halafu nikakumbuka. Nikakaa sakafuni nacheka peke yangu.

Nikaenda ufukweni. Nikaingia mpaka magotini, gauni nimelishika. Maji baridi. Nikalia — si kilio hasa, machozi tu, yanatoka kama jasho. Watu wanapita, hakuna aliyenijali. Raha ya mji wa watu hiyo.

Baadaye nikapita mtaa wa maduka ya vitambaa. Mikono ikaamka yenyewe. Nikashika, nikavuta, nikanusa. Nimenunua cha zambarau, kizito, kinaanguka vizuri. Mwenye duka akauliza namshonea nani.

"Najishonea."

Akasema rangi itanipendeza. Kazi yake hiyo, kusifu. Hata hivyo nimetembea kwa madaha mpaka hotelini.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Nimepiga nyumbani. Wifi anasema Mama amekula akamaliza, ameimba, amekubali kuoga bila vita. Halafu akacheka: "Na leo kutwa ananiita kwa jina lako!"

Nikacheka na mimi. Nikaaga. Nikakata simu.

Jina langu. Mimi huniita mwizi. Siku nzuri huniita "we mwanamke". Jana tu asubuhi, namvalisha, kaniuliza nimemficha wapi binti yake.

Mtu mzima mimi, namwonea wivu wifi yangu. Wivu wa kitu gani? Wa ugonjwa?

Sikushuka kula.

Jumapili, 10 Agosti

Kituo cha basi. Nilikuwa nimeshakata tiketi Mziwanda alipopiga. Akazunguka weee — hali ya hewa, safari — halafu akatoa.

"Dada, tumekaa tumeongea. Tunamchukua Mama, akae kwetu."

"Kwa muda gani?"

"Moja kwa moja. Wewe umefanya yako. Pumzika."

Nimeliomba hili. Mungu ananijua, nimeliomba kwa siri, uso kwenye mto. Sasa limekuja. Nikamwambia hajui anachosema, ameonja siku mbili tu. Angoje siku atakayorushiwa bakuli la uji usoni.

"Hata akilirusha. Ni mama yangu pia."

Nikasema nipe niongee na Mama.

"Nani mwenzangu?" Sauti yake laini, ya zamani, ile ya kupokea wageni.

"Ni mimi, Mama. Niko baharini."

"Oo! Hongera. Una watoto?"

"Sina."

"Mimi ninaye binti. Fundi huyo! Hili gauni nililovaa kanishonea yeye. Hapa nilipo ananisuka." Akashusha sauti. "Ila anachoka, maskini. Hasemi, lakini mimi namwona."

Nikaziba simu kwa kiganja. Watu wanapita na mizigo yao.

"Upo?"

"Nipo, Mama."

"Siku ukipita huku karibu nyumbani. Nikutambulishe kwake. Mtapendana."

Nikamwambia ahsante, nitapita. Mziwanda akarudi kwenye simu. Anataka jibu: wafungashe nguo zake leo, au wanisubiri nifike? Nikamwambia nitampigia.

Naandika nimekalia begi. Basi limewashwa. Kondakta amepita mara ya pili, anauliza kama napanda. Nimemwonyesha tiketi, lakini sijainuka. Simu imeita tena — Mziwanda. Nimepokea. Nyuma yake, hata kabla hajasema kitu, nasikia Mama anaimba.