Friji Mbili za Chanjo

Jumanne, 8 Novemba 1983

Friji ya jua imefika kwenye kituo chetu cha afya! Fundi Marcel, aliyetumwa kutoka mkoani, ameshinda juu ya bati akifunga vioo vinne vyeusi. Anaviita paneli. Nyaya zinashuka hadi kwenye betri, betri zinalisha friji. Basi. Hakuna moshi, hakuna kelele. Nikamwuliza — jua la huku ni kali, mbona nyaya haziungui? Akasema kinachotoa umeme si joto, ni mwanga. Joto likizidi, umeme unapungua. Sikulijua hilo.

Mzee Ngassa, anayeendesha jenereta yetu ya dizeli tangu kituo kifunguliwe, alisimama pembeni, mikono nyuma. Aliuliza jambo moja tu: na jua likizama? Marcel akamwonyesha betri.

Mimi ndiye muuguzi wa chanjo, kwa hiyo kazi ni yangu: kupima friji zote mbili, ya jua na ya dizeli, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Marcel ameondoka akituachia onyo — betri asiziguse mtu.

Alhamisi, 10 Novemba

Friji ya jua: nyuzi nne asubuhi, nne jioni. Ya dizeli: nyuzi tano jenereta ikizimwa, tisa kabla haijawashwa tena. Chanjo haitakiwi kuzidi nane. Na jenereta inakunywa lita sita kwa saa nne.

Mchana nimepanda ngazi, nikafunika kioo kimoja kwa kanga. Mshale wa mita ya umeme ukaanguka! Nikafunua, ukapanda. Nimerudia mara tatu. Ngassa alicheka, akasema mashine yake haiulizi habari za wingu. Kweli. Nimeliandika.

Nikamwuliza dizeli inatoka wapi. Akanitajia: lori, treni, meli, halafu chini ya ardhi, nchi za mbali. Na huko chini itaisha? Akasema hajui, ila pale mjini Kahama imeshaisha mara nyingi.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua tangu Ijumaa. Wakulima wanafurahi, mimi nachungulia mshale wa betri. Leo umeingia kwenye alama nyekundu na friji ya jua imefika nyuzi nane. Nimehamishia chupa zote kwenye friji ya Ngassa. Hakunicheka. Alinishikia mlango.

Halafu jenereta inawasha taa za wodi ya wazazi na inachemsha vifaa vya kushonea. Paneli nne haziwezi hata robo ya kazi hiyo. Nalo nimeliandika.

Ijumaa, 18 Novemba

Jua limerudi. Dizeli imeisha. Lori la mafuta halikuja. Ngassa amelilaza pipa, akapata vikombe viwili vya mafuta yenye mchanga. Chanjo zimerudi kwenye friji ya jua, wodi ya wazazi wanatumia taa ya karabai. Vifaa tunachemshia kuni.

Mchana akaja Mbuke, mwanamke wa kijiji cha pili, mtoto mgongoni. Macho mekundu, vipele nyuma ya masikio. Surua. Anasema jirani zake wanao wengine wanne. Daktari Gelasius, mkuu wetu, ametuma habari vijijini: Jumatatu watoto wote waletwe wachanjwe.

Jumapili, 20 Novemba

Mawingu tena, siku ya pili.

Baada ya misa Ngassa amenifuata. Amekuwa akiwaza tangu ile mvua ya kwanza. Jenereta kuendesha friji ni saa nne kila siku. Lakini ikizijaza betri tu, siku za wingu, huenda saa moja ingetosha — mafuta kidogo sana! Parokia wana chaja ya betri za Landrova. Nikamkumbusha onyo la Marcel. Akasema analijua, na betri zikiungua, friji zote mbili zimekufa, maana dizeli hakuna.

"Basi kwa nini unataka?" nikamwuliza.

"Sista Serafina, miaka yote nawasha mashine bila kujiuliza kitu. Wewe ndiye uliyeanza na kanga yako."



Jumatatu, 21 Novemba

Saa nne asubuhi. Sioni jua kabisa. Friji nyuzi saba na nusu, mshale unagusa nyekundu. Nje kuna watoto zaidi ya mia mbili, wengine wako njiani, watafika kesho. Leo tutachanja nusu tu, tukijitahidi.

Ngassa amekuja na chaja, na lita tatu za dizeli ya trekta ya parokia. Tumemwita Daktari Gelasius. Ameangalia kipimajoto, ameangalia foleni. Amesema friji iko mikononi mwangu, yeye ataanza kuchanja.

Nimekaa chini kando ya betri, naandika. Chanjo za kesho zikiharibika, nitawaambia nini waliotembea tangu alfajiri? Na betri zikiungua?

Nimevibana vibanio vya chaja kwenye betri kwa mkono wangu, chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi. Nimetaka niviguse mimi, si Ngassa — kama kuna wa kulaumiwa awe mimi.

Ngassa ameuliza kutoka banda la jenereta: "Nizungushe?"

"Zungusha, mzee."

Inakohoa. Imeshika. Taa ya chaja imewaka. Mshale bado haujasogea.