Breki za Baba

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila kazi hapa gereji zimejaa mpaka mikono haitakati.

Sasa nije kwenye hasira zangu. Dada kanitumia picha ya gari lako. Baba, kile kitu kule nyuma ni nini? Bawa? Yule jirani yako muuza vipuri kakuuzia bawa? Unataka kuruka uende wapi?

Nilikueleza tangu mwaka jana. Gari la barabarani, hata liwe la michezo namna gani, ukilipeleka uwanja wa mbio kila mwisho wa wiki linaumwa joto kabla ya kitu kingine. Breki zinachemka, oili inachemka. Kwa hiyo unaanza na breki: pedi zinazostahimili moto na mafuta mapya ya breki. Halafu tairi, halafu rejeta ya kupozea oili. Nguvu na mapambo yanakuja mwisho kabisa. Wewe ukaanza na bawa, ukafuatia na ekzosi inayoamsha mtaa mzima. Mama kahamia kwa dada kwa ajili ya zile tairi nne ulizozipanga sebuleni, na amesema harudi mpaka zitoke. Wewe unaona sawa tu?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ni wewe na guu ni lako vilevile, sasa hata sijui nikusemeje. Badilisha mafuta ya breki. Na usitumie ile chupa ya stoo, ilishafunguliwa. Mafuta yale yakikaa wazi yananyonya unyevu, unyevu ukichemka pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea na safari yake. Nijibu.

Binti yako

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Barua yako nimeisoma kwa tabu, maana unaandika herufi kama sisimizi na kalamu yako imefifia. Ndiyo maana hata ujumbe wa simu siutaki kabisa, herufi zake ni ndogo zaidi.

Kwanza, adabu. Miaka thelathini nimefundisha watu udereva, pamoja na huyo fundi aliyekufundisha kushika spana. Miaka thelathini nimekaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya mwalimu, mwanafunzi akienda mwendo wa kinyonga na bado anataka kugonga mti. Sasa nimestaafu. Nataka kuendesha mwenyewe, kwa kasi, mahali ambapo hakuna mtoto anayevuka barabara. Nikiwa pale nasahau kwamba nina umri. Hilo nalo ni kosa?

Mafuta nimebadilisha. Chupa ya stoo nimeitupa, roho ikiniuma. Pedi nimenunua zile zile ulizotaja, zinapiga kelele kama nguruwe. Jumamosi asubuhi uwanjani mambo yalikuwa mazuri. Mchana gari likaanza kutetemeka nikikanyaga breki, na kwenye kona ya tatu breki zikachelewa kushika, nikatoka njiani na kuishia kwenye changarawe za pembeni. Sikuumia. Usimwambie mama yako.

Bawa linabaki.

Baba yako

22 Februari

Baba,

Shikamoo. Nakuombea uzima, maana naona wewe mwenyewe huuombi. "Sikuumia" ndiyo habari ya kuitupia mwishoni, karibu na bawa?

Nimeongea na fundi wa uwanja. Kaniambia kinachotetemesha gari. Unatoka kwenye mbio breki zikiwa za moto kabisa, unaegesha, halafu unavuta breki ya mkono! Pedi zinaibana diski inayowaka, pale palipobanwa panabaki na joto, kwingine kunapoa, na diski inaharibika. Kasema amekuonya. Wewe ukamwambia gari lililoegeshwa bila breki ya mkono ni gari lililotelekezwa, ukampa somo zima mbele za watu. Jamani! Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuharibu diski kwa sababu ya kufuata sheria. Ni wewe peke yako.

Sikiliza, na safari hii usinisahihishe. Raundi ya mwisho nenda polepole, usiguse breki, upepo uzipoze. Ukifika, tia gia, weka kabari ya mbao kwenye tairi, shuka. Mkono ukikuwasha, ukalie. Nimekutumia kwa basi diski mpya na paipu za breki zilizofumwa kwa waya wa chuma, kwa sababu zile za mpira zinavimba zikipata joto. Afunge fundi wa uwanja. Jirani asiguse hata nati moja.

Nakugombeza kwa sababu naogopa. Simu ikiita Jumamosi, moyo unanidunda mpaka nione ni nani.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Dada yako alipita na mjukuu, mama yako akabaki nje ya geti, hataki kuziona tairi.

Vyote vimefungwa. Kabari nimechonga mwenyewe na nimeipaka rangi nyekundu. Breki ya mkono siigusi, ingawa nikishuka najiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango. Mtetemo umekwisha, hapo nakupa haki yako.

Lakini kona ya tatu bado breki zinachelewa. Nimeingia changarawe tena, mara mbili siku moja, na ile ya pili nilisimama karibu sana na ukuta. Kwa hiyo dawa yako haijatosha. Nadhani zinatakiwa breki kubwa zaidi, zile za magari ya mashindano. Ulizia huko kwenu. Na uwanja nao umechoka. Vile vibao vya kuonyesha umbali kabla ya kona vimepauka, kile cha mita mia mtu anakiona akiwa ameshakifikia. Nimemwambia msimamizi avipake rangi. Akanitazama, akaenda zake. Watu wa siku hizi hawana adabu.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sina nafasi ya kuuliza goti.

Nilimwomba fundi wa uwanja aliendeshe gari lako yeye mwenyewe. Kaliendesha mpaka tairi zikalalamika. Kona ya tatu, breki zimeshika kila raundi, pale pale alipotaka. Anasema hajaona gari la mtu binafsi lenye breki nzuri namna ile. Na vibao vilipakwa rangi Januari. Ni vyeupe pee.

Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa na kalamu mpya. Nakuuliza swali moja, na safari hii siulizi habari za gari. Baba, unaona?

Binti yako

24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Dada anasema uko mzima, unakula, na kila asubuhi unaosha gari ambalo haliendi popote. Simu unamwachia mtu yeyote aliye karibu aseme umelala. Umelala saa nne asubuhi?

Niandikie hata matusi. Nimezoea kugombana na wewe, sijazoea huku kunyamaziwa.

Binti yako

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya barua iliyopita. Mwili mzima, isipokuwa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia zaidi.

Daktari ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniambia nisome zile herufi ukutani. Nilisoma mstari wa juu, nikamwambia iliyobaki imepauka. Hakucheka.

Mganga hajigangi. Mimi kabla ya kumpa mtu usukani nilikuwa namsimamisha getini, asome namba ya gari lililo ng'ambo ya barabara. Akishindwa, namrudisha kwao siku hiyo hiyo, hata alie. Na walilia, watu wazima wenye watoto wao. Mimi mwenyewe ile namba siisomi tangu mwaka jana. Nilikuwa nakwenda getini peke yangu kujaribu.

Niliona afadhali breki ziwe mbovu, kwa sababu breki zinanunuliwa. Ulivyokuwa unanigombeza kuhusu pedi na diski, nilikuwa nafurahi kwamba hujafika kwenye macho. Nilijua ukifika huko utakuja kuchukua funguo, na nikishatoka kwenye lile gari mimi ni mzee wa goti tu.

Nimekuokolea safari. Funguo zimo humu kwenye bahasha, zote mbili. Uza gari au endesha wewe. Tairi nimeziondoa sebuleni. Usiniandikie tena habari za breki.

Baba yako

13 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimekasirika kuliko siku zote za mwaka huu, na unajua mwaka huu ulivyokuwa.

Nani alikuomba funguo? Nilikuomba ubadilishe mafuta, nilikuomba uweke kabari, nilikuomba ujibu barua. Funguo sikutaja. Halafu yapo uliyonificha, nimeyapata kwa dada. Daktari kasema mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona, akakupa na tarehe, wewe ukamwambia utafikiria. Utafikiria nini? Bawa ulilifikiria?

Miezi hii yote nimepigania vyuma kwa sababu sikutaka kumzika baba yangu. Wewe sasa unanitumia funguo kama mtu anayegawa urithi. Sitaki urithi. Nakutaka wewe, na ubishi wako wote, na kelele za ile ekzosi.

Uwanjani hutakanyaga mpaka daktari aseme, na akikataa tutalia wote wawili, basi. Lakini hilo si la leo. Nimeomba likizo na nimekata tiketi. Nafika Alhamisi, Ijumaa nakupeleka hospitali, na matone ya macho nitakutilia mimi hata ukinifukuza. Siku ya kutolewa bandeji nitakaa mbele yako kabisa. Kitu cha kwanza utakachokiona ni sura yangu, na utaiona vizuri jinsi ilivyonuna.

Binti yako