Punda Aliyetaka Kupakatwa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Vällingby, Uswidi, bibi yako hajambo. Mimi kifua kinazidi kunibana, basi nikujibu mapema kwa nini nilikitupa kile kitabu cha hekaya za Wayunani.

Miaka ya sabini niliwafundisha Kiswahili Waswidi waliokuwa wakienda Tanzania. Siku moja niliwasomea hekaya ya punda aliyemwona mbwa akipakatwa na bwana wao. Naye akamrukia bwana mapajani, akapigwa marungu. Funzo lake: kila mtu abaki mahali pake.

Msaidizi wangu, Mariamu wa Tanga, akasimama. “Mwalimu, punda kabeba mizigo mwaka mzima! Kutaka kupendwa mara moja ndilo kosa? Huyo mtungaji alikuwa na punda wangapi?”

Darasa likacheka. Nikaona haya mbele ya Wazungu.

“Keti, Mariamu. Jua nafasi yako.”

Aliketi. Hakurudi tena.

Hekaya gani hiyo, inayomcheka aliyechoka na kumsifu mwenye rungu! Inanichemsha damu mpaka leo. Lakini nyote niliwaambia Mariamu alishindwa na baridi. Nilidanganya. Nilimfukuza mimi.

Babu yako